Wauza mbao mnatuuzia rangi! Samani za 1:12 hazitengenezwi kwa kalitusi iliyopakwa

Uzi huu ni wa hasira, na sitaupunguza makali.

Anayetengeneza samani ndogo za mfano hapa Uganda akienda kununua mbao anaulizwa swali moja tu: unataka nyekundu au nyeupe? Nyekundu yoyote ni "mahogany". Nyeupe yoyote ni "musizi". Nyeusi yoyote ni "mpingo". Mti wenyewe ni upi, hasemi mtu. Ukavu haupimi mtu. Na ule ubao wa "inchi moja" ukiuwekea kalipa (kifaa cha kupimia unene) unasoma milimita 20 au 21. Fundi wa vitanda anaweza kuyavumilia hayo. Kwetu sisi hayo ndiyo kazi nzima.

Kwa wasiojua: kipimo cha 1:12 maana yake kila kitu unakigawanya kwa 12. Meza ya sentimita 75 inakuwa milimita 62.5. Mguu wa kiti wa milimita 40 unabaki milimita 3.3. Ubavu wa droo wa milimita 12 unakuwa milimita 1. Tatizo ni kwamba vitundu vya mti, vile vijishimo vya kupitisha maji, haviwezi kugawanywa. Kitundu cha mvule kina upana wa takriban milimita 0.2, na juu ya kimeza chako jicho linakisoma kama shimo la milimita 2.4 kwenye meza ya kweli. Hata ukiunganisha pembe kwa ustadi gani, kabati litaonekana limechongwa kwenye boriti. Juu ya hilo, nyuzi za mvule hupishana, kwa hiyo ukiupasua hadi milimita 1 unajikunja au unavunjika kwa kuguswa, na zile chembe ngumu za chokaa zilizo ndani yake zinamaliza meno ya msumeno mwembamba. Mvule ni mti wa heshima, lakini uachiwe milango. Muuzaji anayemshauri mtu wa samani ndogo anunue mvule "kwa sababu ni bora" hajui anachouza.

Sasa udanganyifu wenyewe. Kalitusi (mkaratusi) au musizi inapakwa rangi nyekundu, inapigwa msasa kidogo, inaitwa mahogany na bei inapanda. Usibishane na muuzaji; beba patasi kali. Chonga ukoko wa nusu milimita ubavuni. Rangi ya kupaka inaishia hapo hapo, chini kunatokea weupe au waridi hafifu. Halafu kata kichwa cha ubao kwa wembe, ukiloweshe, ukitazame kwa kioo cha kukuza: vitundu vya kalitusi vimejipanga kimshazari, kila kimoja peke yake. Mpingo wa uongo ni rahisi zaidi. Paka spiriti kwenye kitambaa cheupe usugue. Kitambaa kikiwa cheusi tititi, shuku dawa ya viatu au wino. Kisha kitumbukize kipande kwenye ndoo ya maji. Mpingo wa kweli unazama. Muuzaji akikataa ndoo, ondoka.

Unyevu ndio unaoharibu kazi za watu kimya kimya. Mbao zinauzwa siku chache baada ya kupasuliwa, zimelazwa moja juu ya nyingine bila vijiti vya kupitisha hewa, na anayeuza anaapa kuwa ni kavu. Pima mwenyewe: kata kipande kutoka katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime uzito, kitie kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi, upime tena kila baada ya saa moja hadi uzito usipungue tena. Kikianza na gramu 50 na kuishia gramu 40, tofauti ni 10, na 10 kwa 40 ni asilimia 25. Kwa hewa ya Kampala mbao iliyotulia iko karibu na asilimia 14. Ukitengeneza droo kwa mbao ya asilimia 25, baada ya miezi michache droo inacheza ndani ya kabati na uso wa meza unapasuka.

Na kupasua! Karakana nyingi zina msumeno wa duara unaokula milimita 4 kila mpito. Ukitaka vibao vya milimita 2 lazima upasue 2.5 ili msasa upate chake. Ubao wa milimita 25 unatoa vinne tu kwa msumeno huo. Msumeno wa mkanda wenye kula milimita 1 unatoa saba. Bado unalipishwa ubao mzima, kwa sababu "hatukati vipande." Kisha mtu wa mashine ya randa anakubali kupitisha kibao cha milimita 3 kikiwa peke yake, kinalipuka ndani, na lawama ni yako. Kibandikwe kwanza juu ya ubao mnene ulionyooka kwa gundi ya tepu ya pande mbili, au kimalizwe kwa msasa uliobandikwa kwenye kioo.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hiki: mbao tunazozitafuta zinachomwa. Mchungwa, mlimau, mpera, vigogo vya mibuni mizee. Nyuzi zake ni laini, vitundu havionekani kwa macho, rangi ya nyingi ni manjano iliyopauka, na zinashika mkato wa patasi bila kumeguka. Ulaya wanatumia mti uitwao Buxus kwa kazi hizi. Mchungwa mkavu unafanya kazi ileile. Uganda nzima mibuni iliyozeeka inakatwa karibu na ardhi ili ichipue upya, na vigogo vinakwenda jikoni. Wauza mbao, hamjawahi hata kuviangalia. Podo nayo, isiyo na vitundu kabisa na yenye nyuzi zilizonyooka, mnaichanganya na payini kwenye rundo moja!

—

Mchangiaji, Masaka:

Nakubaliana kuhusu mibuni, ila ssebo (bwana) umeacha jambo la hatari. Usiwaambie watu waokote vigogo vya mibuni shamba lolote. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa umeua mibuni ya aina ya Robusta mingi sana nchini tangu miaka ya 1990, na mti uliokufa kwa mnyauko unatakiwa kung'olewa na kuchomwa palepale, usihamishwe. Kwangua gome karibu na shina. Ukiona michirizi ya bluu iliyokolea inayoelekea nyeusi kwenye mbao chini ya gome, acha kigogo hapo na panga lako ulisafishe kabla ya kugusa mti mwingine. Chukua tu iliyokatwa ikiwa hai.

Halafu mbuni hupasuka vibaya ukiuacha mzima. Siku ileile ya kuukata paka nta iliyoyeyushwa kwenye ncha zote mbili, upasue kigogo katikati kupitia kiini, na kiini chenyewe ukitoe. Vipande vya milimita 10 vikae kivulini juu ya vijiti, na jiwe juu. Ukipasua moja kwa moja kuwa milimita 3, wiki tatu zinatosha, lakini vifungwe kwa kamba visipinde.

—

Mchangiaji, Jinja:

Kwa wanaouza nje: mpingo upo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017. Vitu vilivyokamilika vyenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena havihitaji kibali, lakini vipande ghafi vinahitaji. Mahogany ya jamii ya Khaya iliingia 2023, kwa magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia, plaiwudi na mbao zilizochongwa umbo. Muuzaji anayewaambia "ni kipande kidogo tu, weka kwenye begi" hatakuwepo uwanja wa ndege.

—

Mwanzisha uzi:

Masaka, asante, hilo la mnyauko ni kosa langu kutolisema. Jinja, nimeliandika kwenye daftari.

—

Mchangiaji, Kampala:

Mmeongea mbao tu. Bawaba je? Ndogo kuliko zote dukani ni ya inchi moja, ambayo kwa 1:12 ni bawaba ya sentimita 30. Mlango gani huo! Mnaotaka bawaba itengenezeni: bati la shaba ya njano la milimita 0.25, likunjeni juu ya waya wa milimita 0.5, mkate meno matatu kwa msumeno wa sonara. Fimbo za shaba za kuchomelea mtazipata kwa wachomeleaji wa mtaa wa Katwe, na zinafaa kwa vishikio vya droo. Keekee za milimita 0.6 waulizeni wanaotengeneza redio na simu, si maduka ya ujenzi. Na pini za "shaba" za cherehani zipitisheni sumaku kabla ya kulipa. Ikinata, ni chuma kilichopakwa, na kitaota kutu ndani ya mchungwa wenu mweupe.