Kampuni yangu (LLC) ni ya Ohio, kazi imepatikana Kentucky. Nifungue nyingine?

MopuNaNdoo
Wakuu, salaam. Niko Cincinnati, nina LLC ya usafi wa maofisi, tuko wanne. Juzi nimepata mkataba wa mwaka kwenye kliniki moja Covington, ng'ambo ya mto tu. Meneja anataka karatasi inayoonyesha kampuni inatambulika Kentucky. Jamaa kaniambia nifungue LLC mpya. Ni kweli?

MamaHesabu
Usifungue! Utajitwisha mahesabu mara mbili bure. Isajili hiyo hiyo kama kampuni ya nje. Usishtuke fomu ikikuita mgeni, kwa Kentucky hata Ohio ni ugenini. Unaomba kibali kwa Katibu wa Jimbo, dola 90, na EIN, namba ya kodi ya kampuni, inabaki ile ile. Kisha kila mwaka ripoti ya dola 15, mwisho Juni 30. Na tenga hela ya kodi ya kampuni ya kule: hata upate kidogo namna gani, si chini ya dola 175.

FundiRangi
Mkuu, mimi nilipuuza. Nikapaka rangi nyumba tatu Kentucky, mteja akagoma kulipa. Wakili akaniambia mahakama ya kule haitasikiliza dai langu mpaka kampuni isajiliwe. Nilisajili huku nimenuna.

MopuNaNdoo
Duh. Fomu inataka wakala aliyeko Kentucky. Nina shemeji anakaa Florence, huko huko Kentucky, anafaa?

MamaHesabu
Anafaa, mradi ana anwani ya mtaa. Sanduku la posta hawakubali. Ila awe mtu wa kufungua barua. Ukishtakiwa, makaratasi yanapelekwa kwake, si kwako.

Kandambili
Mnasahau bima ya ajali kazini. Ohio unalipa kwenye mfuko wa jimbo, BWC. Kazi ya mwaka mzima Kentucky ni habari nyingine, ulizia kabla mtu hajateleza kwenye sakafu uliyopiga deki mwenyewe. Kodi ya mapato isikusumbue sana: vijana wako wanaoishi Ohio wanakatwa Ohio, majimbo haya yana makubaliano. Lakini mji wa Covington una makato yake kwenye mishahara, na hayo hayakwepeki.

MopuNaNdoo
Asanteni sana. Shemeji nimempigia, kakubali. Swali lake la kwanza: "Nalipwa ngapi?"