Nimeuziwa mbegu za kiazisukari, ning'oe miwa?

Mkulima wa Butere:
Wadau, nisaidieni kabla sijaingiza jembe. Nina ekari mbili za miwa huku Butere, magharibi mwa Kenya. Imefika miezi 22 na kiwanda hakijaleta trekta, inakaukia shambani. Wiki jana kijana mmoja sokoni aliniuzia pakiti ya mbegu, akasema ni kiazisukari, kinakomaa kwa miezi mitano au sita na kina sukari kushinda muwa. Nimefukia punje nne kwenye mkebe. Ni ngumu, zimekunjamana kama vipande vya kizibo. Ajabu, punje moja imetoa miche mitatu, na vishina vina wekundu. Je, ning'oe ekari moja? Na jirani yangu mwenye mtambo wa sukari nguru ataweza kukikamua? Nina watoto wawili sekondari, sitaki kubahatisha.

Jirani Bungoma:
Pole ndugu. Wekundu huo ni bitiruti ya kawaida. Umetapeliwa.

Mpika Sukari, Kisumu:
Jirani, tusimhukumu kijana mapema. Kiazisukari na bitiruti ni wa ukoo mmoja, hata ile spinachi ya sokoni yenye bua pana jeupe. Mche mchanga wa kiazisukari nao unaweza kuwa na wekundu. Na ile unayoiita punje moja ni mbegu kadhaa zilizogandana, ndiyo maana imetoa mitatu. Ngoja mzizi unenepe, uukate. Ukiwa mweupe hadi ndani, ni chenyewe.

Mtambo wa jirani yako hautakufaa. Kiazi hukatwa vipande vyembamba kama chipsi, vikalowekwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 70 hivi ili sukari itoke, kisha uchafu unaondolewa kwa chokaa na kaboni dayoksaidi. Maji yake ukiyachemsha tu kama ya muwa, utapata kitu kichungu chenye harufu ya udongo. Tena muwa hujipikia, makapi yake ndiyo kuni za boila. Kiazi hakina kuni hiyo.

Sukari ipo kweli, asilimia 16 hadi 18 kwa kiazi kizuri. Mkemia Mjerumani, Marggraf, aliigundua Berlin mwaka 1747, na mwanafunzi wake Achard akaanzisha kiwanda mwaka 1801. Leo Misri hupata sukari nyingi kwenye kiazi kuliko kwenye miwa. Lakini wenzetu wana viwanda vyake, na kiazi kikishachimbwa kwenye joto hakingoji. Huku, kuanzia Muhoroni hadi Mumias, mitambo ilijengwa kwa ajili ya miwa. Utamuuzia nani?

Mama Maziwa, Njoro:
Ndugu wa Butere, una ng'ombe? Mimi napanda kidogo kwa ajili yao. Kiazi nakiosha, nakikatakata vidogo maana kipande kikubwa humkaba ng'ombe kooni. Nilianza na kilo mbili kwa siku, nikaongeza polepole. Sukari nyingi ya ghafla huchachusha tumbo. Majani nayaanika yanyauke, nalisha machache pamoja na napia, kwa sababu yana asidi ya oksaliki inayofunga kalisi mwilini. Kiazi kina protini ndogo, kwa hiyo naongeza desmodia, lishe ya jamii ya kunde.

Pima udongo kwanza, nakusihi. Huko magharibi mashamba mengi yana asidi. Muwa huvumilia, kiazi hudumaa. Madini ya boroni yakikosekana udongoni, moyo wa kiazi huoza ukawa mweusi. Na usitegemee kujitolea mbegu: hakichanui mpaka kipigwe na baridi kwa wiki nyingi, na Butere baridi hiyo haipo.

Mkulima wa Butere:
Asanteni sana. Mama, ninao wawili wa maziwa, na kiangazi kilichopita nilikuwa nikiwanunulia nyasi. Basi miwa naiacha. Kiazi nitakipanda kwenye robo ekari ya mahindi kando ya zizi, na udongo nitaupeleka kupimwa Jumatatu. Nimetoka sasa hivi kwenye mkebe: kati ya ile miche mitatu, miwili nimeikata kwa mkasi ubaki mmoja, niliogopa kuing'oa nikatikisa mzizi wa uliobaki. Wakisema niweke chokaa kupunguza asidi, niweke lini?

Mama Maziwa, Njoro:
Hapo kwenye mkasi umefanya vizuri. Chokaa weka miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, uichanganye vizuri na udongo. Samadi usiiweke siku hiyo hiyo, nguvu yake itapotelea hewani.