Hela ya nyumbani, shule, na vijana kujiingiza kwenye hatari: tuseme ukweli

Wadau, naleta hii tuijadili, maana kila ikiguswa habari ya vijana kunywa, kuvuta bangi, kutoroka shule au kuendesha pikipiki kama wamechoka kuishi, jibu la haraka ni "malezi tu hayo, hela haihusiki". Mi nakataa. Malezi yana kazi kubwa sana, lakini ili ulee inabidi uwepo, na ukirudi usiku umechoka hoi hata nguvu ya kuuliza "ulikuwa wapi leo" huna.

Kuna utafiti wa North Carolina kule Marekani, walikuwa wanafuatilia watoto kwa miaka, sasa katikati yake, mwaka 1996, jamii ya Cherokee, wenyeji asilia wa huko, ikafungua kasino na familia zao zikaanza kupata gawio. Hakuna mzazi aliyepelekwa semina ya malezi, hela tu iliingia. Mtafiti Jane Costello na wenzake wakatoa matokeo 2003: watoto ambao familia zao zilitoka kwenye umaskini, ukorofi na uvunjaji sheria ulishuka mpaka ukawa sawa na wa wale ambao hawakuwahi kuwa maskini. Huzuni na wasiwasi havikushuka hivyo, ila tabia zilibadilika, na sababu kubwa waliyoiona ni kwamba wazazi sasa walikuwa na nafasi ya kuwafuatilia watoto wao. Kwa hiyo hayo malezi mnayoyasema yenyewe yanategemea kipato.

Ila msinielewe vibaya kwamba watoto wa maskini ndo wahuni. Mtafiti Suniya Luthar huko huko Marekani alilinganisha vijana wa vitongoji vya kitajiri na wa mitaa ya kimaskini mjini, matokeo yakatoka 1999, na wa kitajiri ndo walikuwa wanatumia pombe na madawa zaidi. Tofauti inakuja wakikamatwa. Wawili wanakutwa na msokoto mmoja chooni, baba wa mmoja anafika na wakili, yanaisha ofisini kwa mkuu wa shule, mwingine mama yake hawezi hata kuomba ruhusa kazini, kijana anafukuzwa shule wiki mbili. Kosa lile lile kabisa, na mwisho wa siku tunamhesabu mmoja tu!

Halafu shule. Watafiti Gardner na Steinberg mwaka 2005 waliwachezesha watu gemu ya kuendesha gari, vijana wa miaka 13 hadi 16 wakiwa na wenzao pembeni walijihatarisha zaidi sana kuliko wakiwa peke yao, watu wazima wala haikuwabadilisha. Sasa shule ni nini kama sio kumuweka kijana na wenzake kutwa nzima? Haikwepeki, ndo maana naangalia nani mwingine yupo pale, kuna mwalimu anayemjua kwa jina, kuna mpira, kuna kwaya, kuna kitu cha kujaribu ukashindwa bila kuumia, au kuna viboko na geti tu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 1997 ulionyesha vijana wanaojiona ni sehemu ya shule yao hujiingiza kidogo kuliko wenzao kwenye ulevi, madawa na vurugu.

Ndo maana hii ya kumfukuza kijana "akajifunze adabu nyumbani" inaniuma kweli, hasa kwa yule ambaye nyumbani hakuna mtu mpaka usiku. Anayeitetea aje aniambie, hizo wiki mbili mtoto anashinda na nani?