Riwaya za misafara ya bara: mtunzi aongope mpaka wapi?

MsomajiMkavu: Nimemaliza riwaya ya Mzungu anayekata pori peke yake, bunduki begani, akitafuta chanzo cha Nile. Peke yake! Karne ya 19 nani alitoka Bagamoyo bila wapagazi, askari, kirangozi wa kushika njia, na marobota ya kitambaa cha merikani na shanga za kulipia hongo, yaani ushuru wa njia? Mtunzi ana ruhusa ya kuwafuta wote hao?

Bwana Kalamu: Riwaya si ushahidi wa mahakamani, ndugu. Halafu wapagazi hawakuandika chochote. Mtunzi atajuaje walichowaza?

Binti Ujiji: Hawakuandika CHOCHOTE? Jacob Wainwright alikuwemo katika msafara wa Livingstone na shajara yake ipo. Mzee alipofariki 1873, ndiye aliyesoma sala, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti. Hujasoma, basi uliza.

Bwana Kalamu: Dada, punguza moto. Huyo alisomeshwa na wamisionari India. Nimesema wapagazi.

Mzee wa Pwani: Mti wenyewe si ule mbuyu walikozika moyo wa Livingstone?

Binti Ujiji: Mpundu, mzee wangu. Kijijini kwa Chitambo.

Mzee wa Pwani: Mwalimu wetu alisema mbuyu.

Binti Ujiji: Shikamoo yake, lakini ni mpundu. Moyo ukabaki pale. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, wakaufunga kwa gome la mti. Njiani, Kasekera, wenyeji wakakataa maiti isipite. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, wakafunga vijiti mfano wa maiti, wakavirudisha Unyanyembe, huko Tabora, eti vikazikwe, na mwili halisi wakaufungasha kama robota la nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mtunzi angebuni hilo, Kalamu ungemwambia katia chumvi.

Mzee wa Pwani: Chumvi si ndiyo waliyotia 😂

Bwana Kalamu: Kisa kizuri, kiandike wewe. Mwenzako kachagua shujaa wake. Kuchagua si uongo.

MsomajiMkavu: Sawa, achague. Lakini jalada limeandikwa “Kisa cha kweli”, kwa herufi za dhahabu.

Bwana Kalamu: Sasa si ungeanzia hapo? Jalada ni la mchapishaji, kagombane naye.

Mzee wa Pwani: Mpundu unazaa matunda ya kuliwa au?