Kiongozi asiye mtaalamu wa TEHAMA ajifunze nini kwanza?

Mkuu wa Idara
Wadau, salamu. Ninaongoza idara yenye watumishi 24, na siku hizi karibu kila uamuzi wetu hupitia kwenye mfumo fulani: likizo, bajeti, taarifa za wateja, hata tathmini za utendaji. Katika kikao cha wiki iliyopita, kijana wetu wa uchambuzi alituonyesha grafu iliyopanda kama ngazi, nasi tukaridhika, nikaidhinisha pendekezo lake papo hapo. Niliporudi mezani kwangu ndipo nilipoona kwamba mhimili wa wima ulianzia 90 wala si sifuri, na kwamba kupanda kote kule kulikuwa kutoka 94 hadi 96. Hakunidanganya, namba zilikuwepo, ila mimi sikuzisoma.

Nimeshauriwa nisomee uandishi wa programu. Nina miaka 51 na muda wangu ni mfinyu. Je, hiyo ndiyo njia?

Mchambuzi wa Data
Mkuu, uandishi wa programu uweke kando kwanza. Unachokihitaji ni mazoea ya kuihoji namba: imetoka wapi, nani aliiingiza, kipi kimeachwa nje, na imepita mikono mingapi kabla ya kukufikia. Mwaka 2020 huko Uingereza, visa 15,841 vya maambukizi ya korona vilichelewa kuingia katika takwimu za taifa kwa sababu matokeo ya maabara yalipakiwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni safu mlalo 65,536. Yaliyozidi hapo yaliachwa, na kazi ya kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa pia. Swali ambalo lingefichua tatizo hilo halihitaji utaalamu wowote: je, idadi iliyotumwa na maabara inalingana na tuliyoipokea?

Mkuu wangu wa zamani alikuwa na desturi ya kuchagua namba moja kila mwezi na kuifuatilia hadi chanzo chake, akiwa ameketi pembeni ya aliyeiandaa. Siku moja tuligundua kwamba wateja kadhaa walihesabiwa mara mbili, kisa jina moja liliandikwa kwa tahajia mbili. Mimi ndiye niliyeliandaa faili lile, na nakiri kwamba niliona haya, lakini tangu siku hiyo sijawahi kupeleka jedwali bila kulikagua.

Afisa TEHAMA
Naafikiana na mchangiaji aliyetangulia, ila mimi ningeanzia pengine. Kinachoninyima usingizi ni viongozi wanaojiondoa katika kanuni walizozisaini wenyewe: nywila anayo katibu muhtasi, uthibitishaji wa hatua mbili (baada ya nywila unaombwa uthibitisho wa pili, mfano msimbo unaotumwa kwenye simu) umezimwa kwa sababu "unachelewesha", na akaunti ina ruhusa za kila kitu kwa heshima ya cheo tu. Matapeli wanalijua hilo, kwani barua pepe ikitoka kwenye akaunti ya bosi, malipo huidhinishwa bila maswali.

Halafu kuna maarifa yaliyopitwa na wakati. Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani, isipokuwa pale penye dalili kwamba imevuja. Hata hivyo bado napokea maagizo ya kuzibadilisha kila siku 30, na watu, kwa uchovu, huongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni mwa neno lilelile.

Mkaguzi Mstaafu
Niongeze moja tu. Uingereza hiyohiyo, wasimamizi zaidi ya 900 wa matawi ya posta walitiwa hatiani kwa upotevu wa fedha kutokana na takwimu za Horizon, mfumo wa kompyuta wa hesabu za posta, ambao baadaye ulithibitika kuwa na kasoro. Wengi walikuwa wamelalamika kwamba hesabu hazieleweki, lakini mfumo ukaaminiwa kuliko wao. Kwa hiyo Mkuu, mtumishi wako akikuambia mfumo umekosea, msikilize kabla hujamtuhumu.

Mkuu wa Idara
Nawashukuru. Asubuhi hii nimewasha uthibitishaji wa hatua mbili, ingawa nilihangaika nusu saa kwa kuwa namba ya simu iliyosajiliwa ilikuwa ya zamani. Kijana wa uchambuzi nimemwomba tukutane Jumatatu, aje na faili lenyewe, grafu aiache.