Naomba ushauri: swali moja la unyumbufu, majibu matatu

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa kwanza chuo, nasoma maikroekonomiki, na jaribio ni Jumatatu. Nimekwama kwenye unyumbufu wa mahitaji, yaani wanunuzi wanavyoitikia bei ikibadilika: asilimia ya badiliko la mauzo kugawa kwa asilimia ya badiliko la bei.

Zoezi ni hili: fungu la nyanya limepanda kutoka sh. 1,000 hadi 1,500, mauzo ya siku yakashuka kutoka mafungu 60 hadi 40. Nikianzia bei ya zamani napata 0.67 (alama ya kutoa nimeiacha). Nikigeuza, bei ishuke kutoka 1,500 hadi 1,000, napata 1.5. Soko ni lilelile na nyanya ni zilezile! Nikatafuta asilimia hizo kwa kugawanya mabadiliko kwa wastani wa bei mbili na wastani wa mafungu, ikaja 1 kamili pande zote. Nimerudia hesabu mara tatu. Mwenzangu wa chumba anashikilia 0.67.

Kinachonisumbua zaidi ni mapato: sh. 60,000 kabla, 60,000 baada. Je, hilo linathibitisha kwamba 1 ndilo jibu, au ni bahati ya namba hizi tu? Na swali lisipotaja njia, nitumie ipi?

Natanguliza shukrani.