Kibali cha utafiti kimelala mezani siku 288, masika yamepita, halafu ada ya mwaka wa ziada nalipishwa MIMI

Wakuu, nimejizuia kuandika tangu Mei. Siku nne zilizopita nilikabidhiwa karatasi ya ada ya mwaka wa ziada, uvumilivu umeniishia.

Nasoma uzamili, sayansi jinai. Utafiti wangu ni wa nzi. Mtu akikutwa amekufa katikati ya mikorosho au kwenye mikoko ya Mikindani huku kwetu Mtwara, jambo la kwanza analotaka mpelelezi ni siku aliyokufa. Daktari anaweza kupima mwili umepoa kiasi gani, lakini huku mchana joto likipita nyuzi 30 mwili utapoa uende wapi? Na siku tatu zikipita kipimo hicho hakina kazi tena popote. Hapo ndipo nzi wanapohitajika. Wale wa kijani hufika ndani ya dakika chache, hutaga puani, mdomoni na kwenye jeraha. Kwenye joto letu yai halimalizi siku halijaanguliwa. Funza anakua kwa hatua, na kila hatua ina muda wake kulingana na joto. Ukimjua nzi ni wa aina gani, funza amefika hatua ipi, na joto la mahali pale lilikuwaje, unahesabu kurudi nyuma.

Joto la mahali PALE. Kule Knoxville, Tennessee, Marekani, mwanaanthropolojia William Bass alianza mwaka 1981 kuweka miili ya binadamu kwenye uwanja wa utafiti ili kuona inavyooza. Wana kumbukumbu za miaka zaidi ya 40, kazi nzuri, naiheshimu. Lakini ni kumbukumbu za hewa ya kwao, yenye Januari ya baridi kali. Msimamizi wangu alinitazama usoni akaniambia nitumie takwimu za kule ili nimalize haraka. Nimalize nini sasa? Hakimu wa Mtwara akiletewa hesabu ya Tennessee ikakosea siku tatu, anaweza kufungwa mtu ambaye siku hizo alikuwa Masasi kwa shemeji yake.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi kueleza: mizoga mitatu Mikindani, mitatu Newala juu ya uwanda wa Makonde ambako kuna ubaridi, mara moja kiangazi na mara moja masika. Kila siku nachukua funza, nawaua kwa maji ya moto, nawahifadhi kwenye spiriti, na kifaa kinarekodi joto kila saa. Wenzetu wa nje hutumia nguruwe badala ya mwili wa mtu. Nilimfuata mzee wa mtaa, nikamwamkia, nikamweleza bila kuficha. Akasema, "Mwanangu, elimu yako tunaitaka, ila nguruwe hapa hapana. Leta mbuzi, eneo tutakupa." Jibu la haki kabisa. Nikabadilisha kuwa mbuzi, na mama mmoja akanipa kona ya shamba lake bure. Watu wa kawaida, ambao hawajawahi kusikia sayansi jinai, walinielewa kwa mchana mmoja.

Wenye ofisi sasa. Maombi ya kibali niliyapeleka tarehe 4 Agosti, nikijua mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba. Nikapewa muhuri wa kupokelewa. Septemba, faili halionekani. Oktoba limeonekana, ila mhusika yuko semina. Novemba wakauliza kwa nini mbuzi na si nguruwe. Nikaandika kurasa nne. Januari wakauliza swali lile lile, kurasa zangu nne zimewekwa kwenye faili la mtu mwingine! Mara nne nimepanda basi kwenda Dar, zaidi ya kilomita 500 kwenda tu, nikaishia kuambiwa njoo Jumatatu.

Wakati huo mbuzi sita nimeshanunua. Baba alinipa hela yake ya korosho, ile ya stakabadhi ghalani, unapeleka korosho ghalani unalipwa baadaye, aliyoisubiri mpaka akachoka. Mbuzi wanakula, wanaugua, wawili wakafa Februari, na mzoga ule siruhusiwi hata kuugusa kwa utafiti kwa sababu kibali hakipo. Nilikuwa nakaa barazani mvua inanyesha, naitazama data yangu ikienda na maji.

Kibali kikatoka tarehe 19 Mei. Siku 288. Jua linawaka, ardhi imekauka.

Kuna mtu aliniambia, "Si umekipata? Anza." Ndugu zangu, kusini hatuna vuli na masika kama Dar. Tuna msimu mmoja wa mvua, ukipita umepita mpaka mwaka mwingine. Na masika siwezi kuyaruka, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha nzi hawaruki, kutaga kunachelewa, joto linashuka na funza anakua polepole. Mwili wa Machi na mwili wa Septemba ni hesabu mbili tofauti. Nikiandika ya kiangazi peke yake, siku moja kuna mtu ataipeleka mahakamani kwa maiti iliyookotwa masika. Sitaki jina langu liwe juu ya kitu hicho.

Sasa chuo kinasema nimechelewa. Nimechelewa mimi! Ada ya mwaka mzima, na nisipolipa ndani ya siku 30 jina linafutwa. Nimeambatanisha barua zote zenye mihuri na tarehe. Jibu nililopewa dirishani ni kwamba masuala ya vibali "hayahusiani na idara ya fedha". Msimamizi simu hapokei tangu wiki iliyopita.

Nawauliza mliopitia haya: kuna aliyewahi kukata rufaa ya ada ya mwaka wa ziada akashinda? Barua inaandikwa kwa nani, mkuu wa kitivo au moja kwa moja kurugenzi ya uzamili? Na kibali changu kinaisha Mei ijayo, je, naweza kuomba kuongezewa muda sasa hivi, kabla faili halijapotea tena? Kati ya zile siku 30 za kulipa ada zimebaki 26. Mbuzi wanne bado ninao.